Pampasi za kununua Arusha na Moshi: vuta ubavu kwanza

Malalamiko ya akina mama yanafanana mno: pampasi imevuja mapajani, shuka limelowa, lakini ukiibonyeza katikati bado ni kavu. Wengi hukimbilia ile inayosifiwa kwa kunyonya zaidi, na wiki inayofuata shuka linalowa tena. Tatizo liko pembeni. Kitambaa cha ubavuni kilivutika mtoto alipovalishwa, kikagoma kurudi, pajani pakabaki mwanya, na mkojo ukapitia hapo kabla haujanyonywa.

Kwa hiyo hapa sipangi pampasi kwa harufu wala kwa unene. Nazipanga kwa mbavu.

Kitambaa hicho hakifumwi kama khanga. Plastiki huyeyushwa, hutolewa kuwa nyuzinyuzi nyembamba, kisha hutandazwa na kushikamanishwa kwa joto. Polipropilini, plastiki inayotumika sana hapo, ikiwa peke yake ni ya bei nafuu na haikwaruzi ngozi, ila ukishaivuta imelegea. Ndiyo maana viwanda huichanganya na plastiki nyingine zenye tabia ya mpira, au huweka tabaka la mpira katikati ya vitambaa viwili. Mpira ukiwa mwingi ubavu unarudi vizuri, lakini gharama inapanda. Ukipunguzwa, ubavu bado utavutika vizuri tu mbele yako dukani. Kurudi ndiko kutakakokushinda nyumbani.

Nunua pakiti ndogo, toa moja. Vuta ubavu kwa upana, jinsi unavyozunguka kiuno, uachie. Mvuto huu wa kwanza hulegeza karibu kila aina, usiuhesabu. Sasa chora mistari miwili ya kalamu yenye sentimita 4 kati yake. Vuta mpaka ifike 6, shikilia sekunde 10, achia, subiri dakika moja, pima. Ikirudi chini ya 4.4, nunua. Ikibaki 4.8 au zaidi, huenda ikakuvujia usiku. Angalia pia kama matabaka yameachana au kitambaa kimetoa vinyweleo.

Ya kwanza kwangu ni Molfix ya suruali, ile inayovaliwa kama chupi, na sifichi upendeleo wangu. Ya suruali huvutika kiuno kizima, kwa hiyo mtoto anayetambaa haivuti upande mmoja tu, na mkanda wa Molfix ndio ninaouamini kurudi. Ya pili ni ya kubandika yenye masikio, yaani vipande vya pembeni vya kubandikia, yanayovutika pande zote mbili. Kwa kichanga naitanguliza kabla ya ile ya suruali, maana unaibadilisha bila kumvua mtoto kila kitu. Ya tatu ni ya kubandika yenye lastiki mgongoni tu: inafaa mchana, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa. Zile za bei ya chini zisizo na mpira ubavuni zifae safari fupi, basi.

Sasa wauzaji. Pakiti zinapangwa nje ya duka, jua la Januari linazipiga kutwa nzima, halafu mteja akilalamika anaambiwa mtoto wake anakojoa sana! Nyuzi za lastiki ya mguuni hubandikwa kwa gundi zikiwa zimevutwa. Gundi ikipata joto hulainika, nyuzi zikateleza na kujikunja kuelekea katikati. Utaliona kwa macho: mikunjo ya mguuni inaishia njiani, na ncha zimelala bapa. Pampasi hiyo imeharibikia dukani, na bei ni ileile.

Kero nyingine ni idadi. Pakiti inabaki na ukubwa uleule, ndani vipande vimepungua. Gawanya bei kwa idadi ya vipande kila unaponunua, hata kama ni aina uliyoizoea.

Na zile za moja moja kwa Mangi: pakiti ilishafunguliwa, uzito wa mtoto ulioandikwa juu yake huuoni, na hakuna atakayekuruhusu kuvuta. Ukilazimika, kagua mikunjo ya mguuni kabla ya kulipa. Ukienda soko la Kilombero, Arusha, au la Mbuyuni, Moshi, omba pakiti iliyokaa ndani, kivulini, hata muuzaji akinuna.