Puto la kuziba aota: maoni yangu baada ya miaka minane ya kukagua nyayo

Mimi ni muuguzi wa ICU. Nilisomea Tanga, sasa nafanya kazi Marekani katika hospitali inayopokea majeruhi wa ajali na risasi. Wenzangu wa nyumbani huniuliza: lile puto la kuziba aota, ateri kuu inayotoka kwenye moyo, ili kupunguza damu inayovuja, likiletwa kwetu, tulichukue? Ninayewajibu hapa si daktari anayeliingiza. Mimi ndiye ninayempokea mgonjwa saa saba usiku, daktari akishaenda kwa majeruhi mwingine.

Kwanza, linafanya kazi. Nyonga imevunjika, damu inavujia ndani, presha iko 60. Daktari anatoboa ateri ya paja pale kinenani, anaweka mrija mfupi kama mlango, anapitisha ndani yake katheta, waya-bomba mrefu wenye puto, hadi ndani ya aota, kisha analijaza puto maji ya chumvi. Damu inazuiwa kushuka, iliyobaki inakwenda kwenye moyo na ubongo. Nimeona presha ikifika 110 kabla sijatundika chupa ya pili ya damu. Mama wa mgonjwa akiwa amesimama nje ya mlango, hilo si jambo dogo.

Shida iko kwenye ule mrija. Wa saizi 7 una uwazi wa milimita 2.3 hivi, wa saizi 12, uliotumika zamani, una 4. Mtu aliyepoteza damu mishipa yake imesinyaa, na kwa msichana mwembamba mrija unaweza kuujaza mshipa wote. Damu inasimama, inaganda, bonge linashuka mguuni. Wakati mwingine ukuta wa ateri huchanika kwa ndani, au tundu halizibi vizuri na uvimbe wa damu unatokea kinenani siku kadhaa baadaye.

Kijana mmoja wa pikipiki sijamsahau. Mrija wa saizi 7 unaweza kuuzwa kando na katheta, na usiku ule kabatini haukuwepo, wakatumia mkubwa. Puto lilikaa kwenye aota, chini ya mishipa ya figo, dakika 40, muda unaovumilika. Likiwekwa juu kifuani madaktari hujitahidi lisipite dakika 30. Likatolewa maji, upasuaji ukaenda vizuri, sote tukashukuru. Lakini mrija ulibaki pajani, na hakuna aliyeandika utolewe saa ngapi. Saa kumi alfajiri unyayo wa kulia ulikuwa baridi na umepauka, dopla, kifaa cha kusikilizia damu ikipita, kimya. Walimrudisha thieta, wakatoa bonge, wakapasua utando wa misuli ya shavu la mguu pande zote mbili ili shinikizo lishuke. Mguu ulibaki. Vidole viwili vilikatwa.

Wapo wasiobahatika hivyo. Utafiti wa Marekani wa 2019 ulikuta wagonjwa 3.6 katika kila 100 waliowekewa puto walikatwa mguu, dhidi ya 0.7 kwa wenzao wasiowekewa. Na jaribio la Uingereza lililochapishwa 2023, lenye wagonjwa 90, lilionyesha vifo vya asilimia 54 kwa kundi la puto na 42 kwa kundi la matibabu ya kawaida. Kwa hiyo anayesema ni kifaa cha kuwekwa kwa kila anayetoka damu, msimsikilize.

Natoa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za saizi 7 iliyoingizwa kwa altrasaundi, thieta ikiwa tayari na daktari wa mishipa yupo jengoni. Hospitali ambayo mgonjwa atasafirishwa kwa muda wa saa tatu kwenda rufaa na puto limejaa, nawasihi msinunue. Mguu na figo haviwezi kungoja hivyo.

Mkinunua, agizeni mirija mingi kuliko katheta. Dopla ikae kitandani, isifungiwe ofisini kwa msimamizi. Mimi huweka alama ya kalamu pale mapigo yanaposikika, kwenye nyayo zote mbili, kabla ya mrija kutolewa na baada yake, nakagua kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila saa kwa siku nzima. Daktari akiniambia mguu uko sawa, bado navua soksi naushika mwenyewe.