Meza ya Keko na kiti cha mtumba: tathmini ya ofisi ya nyumbani ya shilingi laki tano

Vipande vinne vya mbao, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita nane, vimekaa juu ya rafu yangu ya vitabu tangu Septemba. Vilikatwa kwenye miguu ya meza ninayoiandikia tathmini hii, baada ya fundi kuniletea meza ya futi mbili na nusu ilhali nilikuwa nimeagiza ya sentimita 68. Pamoja na kasoro hiyo, na nyingine nitakazozitaja, bado naamini kwamba mtu mwenye fedha kidogo anayetaka kufanyia kazi nyumbani, hasa hapa Dar es Salaam, atafanya vizuri kwenda kwa seremala kuliko kuingia katika duka la samani zilizokwisha kutengenezwa.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, na naifanyia katika chumba kimoja kati ya viwili ninavyopanga Tabata. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiandikia kwenye meza ya chakula, nikiwa nimekalia kiti cha plastiki chenye mto, hadi mabega na shingo vilipoanza kuniuma kiasi cha kunikosesha usingizi. Nilitenga shilingi 500,000 kwa ajili ya meza, kiti na skrini ya kuunganisha na kompyuta mpakato niliyokuwa nayo tayari. Sikuwa na nia ya kuongeza hata senti moja, kwa sababu kodi ya nyumba ya miezi sita ilikuwa inakaribia.

Madukani nilikuta meza za kuunganisha zinazotoka China, nyepesi na zenye sura nzuri, ambazo bei yake haikuwa mbali na bajeti yangu. Tatizo lake ni kwamba zimetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na kufunikwa kwa karatasi ngumu. Maji yakiingia pembeni, ubao huo huvimba na haurudi tena katika hali yake, na skrubu zikifunguliwa mara mbili au tatu matundu yake hulegea, jambo ambalo mpangaji anayehama kila baada ya mwaka mmoja au miwili hawezi kulipuuza. Meza ya namna hiyo, isitoshe, huwezi kuikata miguu.

Hivyo nilikwenda Keko, wilayani Temeke, ambako karakana za samani zimejipanga kando ya barabara na vitanda, makabati na viti vya sebuleni hutolewa nje asubuhi vikaanikwa juani kama samaki. Anayekwenda huko kwa mara ya kwanza ataonyeshwa mninga, na kwa kweli mninga ni mbao ya kujivunia: rangi yake ya hudhurungi haichuji upesi, haisumbuliwi sana na wadudu, na meza yake inaweza kurithiwa. Bei yake, hata hivyo, haikuwa ya mtu wa laki tano. Nilichagua msonobari, ambao mafundi wote wanauita paini. Huletwa kwa wingi kutoka Mufindi na Njombe, na bei niliyotajiwa ilikuwa chini ya theluthi moja ya ile ya mninga. Jambo la kuangalia hapo ni rangi. Mbao za paini zenye rangi ya kijani kibichi zimepigwa dawa kwa ajili ya mapaa ya nyumba, na hazifai kwa meza ambayo mtu ataiegemea kwa viganja saa nane kwa siku.

Tulipatana shilingi 180,000 kwa meza yenye upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 60, miguu ifungwe kwa bolti ili iweze kutolewa, na droo moja upande wa kulia. Nilitoa nusu. Urefu wa kwenda juu niliueleza kwa makini, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya kumwendea fundi. Mimi si mrefu. Nikikaa nyayo zikiwa zimetulia sakafuni na viwiko vikiwa vimekunjwa kama pembe ya mraba, mikono yangu inakuwa kwenye sentimita 68. Fundi aliandika namba hiyo kwa penseli kwenye kipande cha mbao, nami nikaamini kwamba jambo limekwisha.

Aliniahidi Jumamosi. Ahadi ya fundi kila mtu anaijua, kwa hiyo meza ilipofika siku ya kumi na moja, juu ya kirikuu niliyoilipia shilingi 25,000, sikuwa na kinyongo. Kinyongo kilikuja nilipoketi. Mabega yalipanda hadi karibu na masikio, sawasawa na yalivyokuwa kwenye meza ya chakula. Nilitoa futi kamba mbele yake, nikapima, ikasoma sentimita 76.

"Dada yangu, meza zote ni futi mbili na nusu," alisema kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgeni. "Hata ukienda Ikulu."

"Lakini fundi, uliandika mwenyewe 68."

Alifikiri kidogo. "Niliona umekosea."

Sikuweza kujizuia kucheka, naye akacheka, na ninadhani kicheko hicho ndicho kilichookoa biashara yetu. Alipindua meza juu ya mkeka, akapiga mstari kwa penseli na kona ya chuma kwenye kila mguu, akakata kwa msumeno wa mkono palepale ubarazani huku watoto wa mwenye nyumba wakigombania maranda. Mguu wa nne ulikuwa mfupi kwa unene wa shilingi, na meza ikacheza. Akapiga msasa mitatu iliyobaki, kidogo kidogo, akiisimamisha na kuisukuma kwa kidole kila mara, hadi ilipotulia. Kazi yote ilichukua muda usiofika saa moja na hakunidai nyongeza. Kwa jambo hilo peke yake namsamehe siku zile za kuchelewa.

Kosa ambalo sijalisamehe kikamilifu ni la mbao kutokauka. Uso wa meza umeunganishwa kwa mbao tatu, na ilipofika Februari, baada ya wiki za joto kali, kati ya mbao ya kwanza na ya pili palikuwa na ufa ambao kalamu ya wino huuingia na kusimama. Karibu na fundo moja utomvu ulitoka katika vitone vidogo vya rangi ya asali, ukagandisha ukurasa wa mwisho wa mkataba niliokuwa nikiufasiri. Kisha masika yakaja na mbao zikavimba tena. Ufa ukapungua, lakini droo, au mtoto wa meza kama wazee wetu wanavyopenda kuiita, ikakwama kabisa. Nimeipaka nta ya mshumaa kwenye njia zake na sasa inafunguka kwa kuvutwa kwa mikono miwili. Anayeagiza leo aombe kuona mbao zenyewe kabla hazijarandwa, azinyanyue, na ile inayohisi nzito na yenye ubaridi aikatae, hata kama fundi ataapa kwamba imekauka tangu mwaka jana.

Kiti ni habari nyingine. Nilikipata upande wa Kinondoni, katika duka linalouza samani za ofisi zilizokwisha kutumika Ulaya, kwa shilingi 110,000. Viti vipya vya bei hiyo nilivijaribu, na mgongo wake ulikuwa ukiyumba kila nilipoegemea. Kiti cha mtumba kina uzito, kina mguu wa chuma wenye ncha tano, na kina mtungi wa gesi wa kupandisha na kushusha, ambao ndio wenye kuamua kama umenunua kiti au umenunua matatizo. Mtungi uliochoka hauonekani kwa macho. Nilikipandisha hadi juu, nikakaa, nikamwomba muuzaji anivumilie dakika kumi, na wakati huo nikatazama mstari wa chaki nilioupiga kwenye nguzo yake. Kiti cha kwanza kilizama taratibu hadi mstari ukapotea. Cha pili pia. Cha tatu hakikusogea, nacho ndicho ninachokikalia hadi sasa. Muuzaji hakufurahi, lakini hakusema neno.

Sponji yake ilikuwa imelala, na hilo nilikuwa nimeliona dukani. Fundi wa makochi jirani na kwangu aliitoa, akaweka kipande kilichobaki kwenye kazi ya godoro gumu, akarudisha kitambaa kilekile kwa shilingi 20,000. Magurudumu mawili kati ya matano yalikuwa na nywele zilizojizungusha kwenye mhimili, sijui za nani wala za mji gani. Nilizikata kwa wembe na sasa yanazunguka. Tangu Oktoba shingo haijaniuma usiku. Kama ningelazimika kubakiwa na kitu kimoja kati ya vyote, ningebaki na kiti, na meza ya chakula ningeikata miguu mwenyewe.

Skrini niliinunua Kariakoo kwa shilingi 120,000, monita ya inchi 22 iliyotumika. Hapa nilikuwa mwangalifu zaidi kuliko penginepo, kwa sababu meza na kiti vina mafundi kila mtaa, lakini kioo kikipata kasoro hakuna wa kukipiga msasa. Nilikwenda na kompyuta yangu, nikafungua ukurasa mweupe mtupu kisha mweusi mtupu, na kwenye monita ya kwanza ukurasa mweupe ulionyesha doa la manjano upande wa chini kama la chai. Niliyoichukua ilikuwa safi, ila haikuwa na tundu la HDMI, lile la kupitishia picha lililo kwenye kompyuta yangu. Ilikuwa na VGA na DVI tu, aina nyingine za matundu ya picha. Muuzaji alitaka kuniuzia kigeuzi cha VGA kwa shilingi 35,000. Sikukihitaji, kwa sababu DVI na HDMI husafirisha picha kwa namna moja ya kidijitali, na kebo ya kawaida yenye DVI upande mmoja na HDMI upande wa pili, niliyoipata duka la tatu kutoka hapo kwa shilingi 15,000, inatosha bila kifaa chochote cha kati. Sauti haipiti kwenye monita yangu, jambo lisilonisumbua. Umeme ukikatika skrini huzimika na kompyuta huendelea kwa betri yake, nami huhamia kwenye kioo kidogo hadi urudi.

Kibodi na kipanya vya nje vilinigharimu shilingi 35,000 na sina la kusema juu yake, isipokuwa kwamba bila hivyo kompyuta mpakato haiwezi kusogezwa pembeni na faida ya meza fupi inapotea. Jumla yote, pamoja na kirikuu, ilifika shilingi 505,000. Nilizidi kwa 5,000, na hizo nazihesabu kwenye sponji.

Mwezi ujao nitarudi Keko kwa fundi yuleyule kuagiza rafu ya ukutani, kwa sababu kazi yake ya kukata na kuunganisha ni nzuri na bei yake haikubadilika baada ya kupatana. Sitampa namba. Nimekwisha kukata ufito wenye urefu ninaoutaka, nikaufunga kitambaa chekundu, na nitamwachia karakanani pamoja na malipo ya awali.