Jigi ya shingo ya gitaa: miezi minane na ile ya alumini

Nimeitumia hii jigi (kifaa cha kushikilia shingo ya gitaa wakati wa kuikata) miezi minane sasa, shingo 6 zimepita humo, kwahiyo naona naweza kuongea. Ni ile ya sahani ya alumini inayosimama wima, unafunga shingo kichwa kikiwa chini na kisigino (ile sehemu nene inayokaa kwenye boksi) juu, templeti, yaani kiolezo cha umbo, inakaa pale juu na ruta (mashine ya kuchongea mbao jamani, sio ya waifai) inapita kukata ulimi wa kuingia kwenye boksi. Ukimaliza unafunga boksi la gitaa hapohapo unakata tundu lake. Kampuni siitaji, ila ubaya wao nausema.

Kuanzia na mazuri. Templeti ni safi kabisa, ulimi unaingia kwenye tundu kwa kusukuma na kidole gumba, haulegei, haugomi. Klempu zinabana kweli. Pini za mstari wa kati nazo ziko sawa, shingo zote 6 zimelenga katikati ya briji (kile kibao cha kufungia nyuzi juu ya boksi) bila mimi kuhangaika.

Sasa pembe. Hapo ndo nililia.

Shingo ya gitaa la akustika la nyuzi za chuma hailali sambamba na ubao wa mbele, inaegemea nyuma kidogo, mara nyingi kama digrii 1.5 hivi, ili ukilaza rula ndefu juu ya freti (vile vyuma vya shingoni) ncha yake ipite ikigusa tu mgongo wa briji. Ikipita juu sana au ikijigonga kwenye briji, gitaa limeshaharibika hata kabla ya kuvaa nyuzi. Kwenye jigi kuna alama za digrii zimechongwa vizuri tu, nikaweka 1.5, nikakata, nikafunga bolti, nikalaza rula. Ikajigonga milimita 2 chini ya mgongo wa briji! Nikadhani nimekosea mimi, nikarudia kwa kipande cha mbao ya kutupa, jibu lilelile. Kuja kupima ile sahani yenyewe kumbe iko 1.1 na alama inasema 1.5, na tena ukikaza kile kishikio cha pembeni sahani inasogea kidogo, yaani unaiweka sawa alafu ukiifunga inahama.

Mtu atasema digrii 0.4 ni nini. Piga hesabu: gitaa la skeli (urefu wa uzi unaotetema) ya milimita 645, shingo ikiungana na boksi kwenye freti ya 14, kutoka pale kwenye kiungo mpaka sadoli (kipande cha kwenye briji nyuzi zinapolalia) ni kama milimita 287, na kisigino changu kina urefu wa 90. Nusu milimita tu kule chini ya kisigino inakuwa milimita 1.6 kwenye briji. Hiki kiungo kinakuza kila kosa mara tatu.

Ile shingo niliiokoa kwa msasa. Unakata utepe wa msasa, unauingiza kati ya kisigino na boksi upande wa mchanga ukitazama kisigino, unabana kwa mkono unauvuta, unahesabu, kulia mara kumi kushoto mara kumi, unalaza rula tena. Jioni nzima imeishia hapo na vidole vyeupe kwa vumbi.

Baada ya hapo sahani yao nikaing'oa. Nikatengeneza yangu, mbao mbili za plaiwudi ya milimita 18, bawaba juu, bolti mbili chini za kusukumia na nati za kufungia. Haina alama hata moja ya digrii na sitaki ziwepo. Pembe naitoa kwenye gitaa lenyewe: naweka kibao cha milimita 7 ukingoni mwa boksi (huo ndo unene wa ubao wa freti pamoja na freti zake) na kingine cha 9.5 pale briji itakapokaa, nalaza rula juu ya vyote viwili ikitokeza nje ya boksi, alafu nachukua pembe kati ya rula na uso wa boksi pale kisigino kinapokaa kwa ile skwea inayokunjika, nahamishia moja kwa moja kwenye plaiwudi. Ubao wa mbele una kaupinde na hakuna maboksi mawili yanayofanana, kwahiyo namba iliyochongwa kiwandani ingenisaidia nini? Shingo tatu za mwisho zimetoka hivyo, msasa nimevuta mara chache tu kwa kusafisha. Taylor wenyewe, ile kampuni kubwa ya magitaa ya Marekani, pamoja na mashine zao zote, tangu 1999 shingo zao nyingi wanazikalisha kwa vipande vyembamba vya kurekebishia pembe, sembuse mimi na ruta ya mkono.

Angalizo lingine: usikate kina chote kwa mpigo mmoja, nenda milimita 3 kwa 3 na uweke kipande cha mbao ya kutupa pembeni biti (jino la ruta) inapotokea. Mimi shingo ya pili ilinibandua shavu la kisigino, nikaligandisha na gundi, ukilijua unaliona.

Davteli, kile kiungo cha mkia wa njiwa kinachoshikwa kwa gundi, templeti yake ipo pia, nimejaribu mara moja nikarudi kwenye bolti. Ukikosea bolti unafungua.

Kama una muda na plaiwudi, tafuta templeti na klempu peke yake, mengine jitengenezee. Nyota 3 kati ya 5, na sahani yao sasa naikandamizia mbao gundi ikikauka, kwa kazi hiyo haina kosa.