Dawa ya kutu niliyopaka kwenye Pijo ya mzee: ilipofaa na iliponiangusha

Nimetumia karibu chupa tatu za dawa ya kugeuza kutu kwenye gari moja, kwa hiyo nadhani nimeshapata haki ya kuisema. Gari lenyewe ni Peugeot 504 pikapu, Pijo kama tunavyoiita, aliyokuwa nayo mzee wangu akibebea nazi kutoka Kikambala hadi soko la Kongowea. Ilisimama uani kwetu Mtwapa mwaka 2009, gasketi ya kichwa ilipoungua, ikaachwa hapo mpaka kuku wakaanza kutagia ndani ya kebini. Kutoka hapo uani mpaka baharini ni dakika kumi kwa miguu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hiyo ina maana gani kwa bati.

Injini haikunitia hofu. Ni injini ya chuma isiyo na makuu, slivu zake, yale mapipa zinamopanda na kushuka pistoni, zinachomolewa na kutiwa nyingine, na vipuri bado vinapatikana kwa kuwa magari haya yaliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya Wafaransa kuacha kutengeneza saluni yake kwao. Fundi aliimaliza kwa wiki mbili. Bodi ndiyo iliyonila miezi kumi na moja.

Dawa nilinunua duka la rangi Mombasa, chupa ya lita moja, shilingi 1,800. Ni uji mweupe kama tui la kwanza. Maelezo ya kwenye chupa yalikuwa mafupi: paka juu ya kutu, subiri igeuke nyeusi, kisha piga rangi. Nikafanya hivyo hivyo. Nilipaka madigadi zote mbili za mbele na sakafu ya bodi ya nyuma, jioni kila kitu kikawa cheusi, kinapendeza, nikapiga picha nikamtumia kaka yangu aliyeko Doha. Baada ya wiki tatu nikagonga madigadi kwa mpini wa bisibisi. Lilibanduka gamba zima, jeusi juu, jekundu chini, na chini yake kutu mbichi kabisa. Chupa ya kwanza ikawa imekwenda hivyo.

Kosa lilikuwa langu kwa nusu, na la hayo maelezo kwa nusu. Kinachofanya kazi ndani ya dawa hii ni tanini, ile ile iliyomo kwenye chai ya rangi na kwenye magome ya mikoko ambayo wavuvi walitilia rangi nyavu zao. Tanini ikikutana na kutu huishika na kuigeuza kitu cheusi kilichotulia. Lakini inaishika pale inapofika tu. Kutu ya pwani huota tabaka juu ya tabaka kama mkate wa chapati, na dawa inaishia tabaka la juu. Humo ndani chuma kinaendelea kuliwa, nawe umekifunika shuka jeusi.

Kwa hiyo chupa ya pili niliitumia kwa adabu. Kwanza grinda yenye brashi ya waya mpaka magamba yote yaishe na ibaki ile kutu nyembamba iliyoshikamana na bati. Kisha, na hili halikuandikwa popote kwenye chupa, niliosha kwa maji ya mvua na sabuni nikaacha likauke juani, kwa sababu chumvi ikifungiwa chini ya rangi inaendelea na kazi yake. Maji ya kisima chetu nayo ni ya chumvi chumvi, ndiyo maana nikakinga ya mvua. Halafu dawa mikono miwili, myembamba, nikalaza mpaka kesho yake, kisha praima papo hapo bila kungoja wikendi nyingine. Milango kwa ndani, chini ya boneti na ukuta wa nyuma wa kebini nilivifanya hivi, na mwaka mmoja baadaye sijaona hata chunusi. Kwa sehemu hizo ningeipa nyota tano.

Kwa mashimo, dawa haina habari. Sakafu upande wa dereva ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mtoto, na boriti za chini ya milango zilikuwa puti tupu iliyopakwa rangi. Kuna fundi aliyewahi kumla mzee pesa hapo, Mungu amsamehe. Ikabidi nijifunze kuchomelea. Nilinunua mashine ndogo ya waya, ya aina isiyotumia gesi, nikaanza, ikawa inatema cheche kama fataki na kutoboa bati badala ya kuliunga. Siku nne nimelaumu stima. Kumbe waya wa aina ile unataka bunduki, kile kishikio kinachotoa waya, iwe upande wa hasi, na mashine ilitoka dukani imefungwa chanya. Kubadili nyaya mbili ilichukua dakika tano.

Karakana yangu ilikuwa banda la makuti. Sihitaji kusema zaidi. Kuti moja tu lilishika moto, nikalizima kwa ndoo ya maji ya kuku, na wikendi iliyofuata nikaezeka mabati. Vipande vilivyobaki nikaona vitafaa kuziba sakafu ya gari: bati ni bati. Nilichomelea mchana kutwa, usiku nikapata homa, baridi na kutetemeka, nikadhani malaria. Ni moshi wa zinki. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na ukilichoma unaivuta. Mzee mmoja jirani, fundi wa siku nyingi, alikuja asubuhi nikamwamkia kwa sauti ya kukwaruza, akacheka: "Marahaba mwanangu, hiyo ndiyo karo." Akanishauri ninywe maziwa, kama wanavyoshauri wote, nikanywa kwa heshima tu. Kilichonisaidia ni kupumzika siku moja na kununua bati jeusi, lisilopakwa zinki, la geji 20 kutoka duka la vyuma.

Kuna kazi moja ambayo dawa ya chupa ilishindwa kabisa na kitu cha jikoni. Bawaba, boliti, vishikio vya bampa, vitu vidogo vyenye kona nyingi, niliviloweka kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi, kijiko kikubwa kwa kila lita nne. Chaja ya betri ya gari: waya hasi kwenye kifaa chenye kutu, chanya kwenye kipande cha nondo kilichosimama pembeni bila kukigusa. Asubuhi unakuta povu la rangi ya udongo, unasugua kwa brashi, chuma kinatoka kijivu safi bila kupunguzwa. Gharama yake ni magadi ya shilingi hamsini. Fanyia nje, maana gesi inayotoka ni haidrojeni na haitaki cheche, na usiweke chuma cha pua upande wa chanya, maji yanageuka sumu. Laiti ningeanza na ndoo hii, chupa moja ingetosha gari zima.

Bado ile mifereji ya ndani ya boriti, ambako brashi haifiki. Chupa inasema mimina. Nilimimina, ikachuruzika kwenye matundu ya maji ikaniachia doa jeusi sakafuni. Jibu lilitoka kwa mshona nyavu pale ufukweni: sifa, mafuta ya papa wanayopaka majahazi. Nilipulizia lita mbili kwa pampu ya dawa za mimea. Yanatambaa, yanaingia kila upenyo, hayakauki yakapasuka. Harufu yake ni suala jingine. Mama watoto alipanda gari hilo mara ya kwanza akashuka kabla hatujafika barabara kuu, akachukua tuktuk.

Kwa jumla dawa naipa nyota tatu na nusu. Ningenunua tena, chupa moja, si tatu. Masika haya nimekagua gari lote kwa tochi: milango salama, sakafu salama, ila kona ya chini ya kioo cha mbele, kushoto, rangi imeanza kufura. Hapo ndipo niliona uvivu kung'oa mpira wa kioo, nikapaka dawa pembeni yake tu. Jumamosi naung'oa.