Kitabu cha kutunga mashairi kisichojua kuhesabu mizani

Nyota moja, na hiyo moja ni ya karatasi, maana karatasi ni nzuri kweli.

Vitabu vya kufundisha utunzi nimesoma vingi, na hata vile vya kuchosha huvumilika. Hiki kilichotoka majuzi, cha shilingi 18,000, kina kosa lisilovumilika kwa kuwa limekaa kwenye msingi. Sura ya tatu inasema hivi: ukitaka kujua mizani ya kipande, yaani nusu ya mshororo, hesabu irabu. Basi. A, e, i, o, u, ukifika nane kipande kimetimia.

Hesabu irabu! Kwa hiyo "mtu" ni mizani moja?

Mizani ni pigo la sauti, si irabu. Ile m ya "mtu" ni "mu" iliyopoteza u yake, na pigo lake limebaki palepale: m-tu, mbili. M-to-to, tatu. M-mo-ja, tatu. Kuna na n ya "nchi". Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo hakuna pengine pa kukaa ila juu ya n yenyewe, basi n-chi ni mbili. Lakini "ndizi" haina shida hiyo, mkazo uko kwenye "ndi", kwa hiyo n haisimami peke yake: ndi-zi. Vivyo hivyo m-bwa na mbu-zi, wote mbili kwa njia tofauti. Na maneno ya kukopa yenye konsonanti inayofunga silabi, watunzi huipa nayo pigo lake: la-b-da tatu, a-l-fa-ji-ri tano.

Sasa mtihani wa kweli, ambao mwandishi huyu hata harufu yake hakuisikia. "Mtu mbaya" ni mizani tano, m-tu m-ba-ya. "Nyumba mbaya" ni nne, nyu-mba mba-ya. Neno lilelile la tahajia ileile, lakini "mbaya" ya mtu ina m iliyotoka kwenye "mu", na ya nyumba ina m iliyogandamana na b. Irabu zitakuambia nini hapo?

Madhara yake yamechapishwa wazi katika sura hiyohiyo. Mwandishi analeta mfano wake mwenyewe:

Mtu mwema hukumbukwa, japo kaburini yumo

Hesabu kwa kugonga meza: m-tu mwe-ma hu-ku-mbu-kwa, nane. Ja-po ka-bu-ri-ni yu-mo, nane. Mshororo umekaa sawa, una 16, unaimbika. Mwandishi anahesabu irabu za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, anapata saba, anatangaza kwamba "umepwaya", kisha anautengeneza: "Mtu mwema atakumbukwa". Tayari ni tisa! Mwimbaji akifika hapo itabidi abane "ma" na "a" kwa nguvu, la sivyo sauti inamponyoka kabla ya pumziko la katikati. Mtu amechukua kipande kizima akakivunja, halafu akakipigia mstari kama mfano wa kuigwa. Anayejifunza atafanya nini? Atajaza vipande visivyopungukiwa. Siku nyingine ataona kimezidi, atakimbilia inkisari, ule ufupishaji wa maneno, akate maneno yasiyohitaji kukatwa.

Niliwaandikia wachapishaji. Jibu: ushairi wa leo ni uhuru, haubanwi na mizani. Haya. Wana mashairi huru wa miaka ya 1970 walisema hawahesabu, na kweli hawakuhesabu. Huo ni msimamo, uukubali au uukatae. Lakini usiniuzie kurasa arobaini za mizani halafu nikikuonyesha kosa ukimbilie uhuru. Mshairi Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka yote hiyo, na kitabu kipya kinashindwa "mtu".

Nikiri, ingawa inaniuma: sura ya vina, zile silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, ni nzuri. Nzuri sana, nimeisoma mara mbili. Inaeleza kwamba tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, inadai maneno matatu ya kina cha kati na matatu ya kina cha mwisho kwa kila ubeti, mbali na kituo, yaani mshororo wa mwisho, kwa hiyo kabla ya kuandika lolote orodhesha sita sita, kisha uchague. Mtunzi asiyeorodhesha hukwama mshororo wa tatu na kuingiza neno la kulazimisha, na msomaji hulijua papo hapo. Inakemea kuegemea -ika na -isha za vitenzi, kwa kuwa ni vina vya bure, kila kitenzi kinavyo. Inasisitiza kwamba "kanda" na "kada" hazilingani, kina cha kwanza ni "nda" na cha pili ni "da". Sikio lililoandika sura hii si lililoandika ile ya tatu. Ama waandishi ni wawili?

Kwa sura hiyo ningetoa nyota tatu. Anayejua kuhesabu tayari anunue, aruke sura ya tatu, aanze na vina. Anayeanza asikiguse. Au akiguse akiwa na kalamu: kila m iliyofuatwa na konsonanti aiulize kama ilikuwa "mu", kila neno la silabi mbili linaloanza na n au m alitamke aone mkazo umekaa wapi.

Nyota tatu, basi.

Hapana. Nimefungua majibu ya mazoezi nyuma ya kitabu. "Mbwa: mizani 1." Mbili, na karatasi imo humohumo.