Mrejesho: shelfu la vifaa nililojitengenezea gereji ya home, mwaka na nusu sasa

Wakuu habari za saa hizi, nipo Tabora hapa Ipuli. Gereji yangu ni ya jina tu, banda la bati lenye pikipiki, jenereta mbovu na magunia ya mkaa ya mama watoto. Vifaa vyote vilikuwa kwenye ndoo moja, ukitaka bisibisi unamwaga ndoo nzima chini alafu unakuta uliyoshika siyo yenyewe.

Shelfu la kwanza nilitumia paini maana bei ilikuwa nafuu. Mvua za kwanza tu mchwa wakapanda nyuma kwa nyuma na kanjia kao ka udongo mi sioni kitu, siku hiyo naweka jeki likashuka lote na makopo yake. Ukibonyeza ubao kidole kinazama kama kwenye mkate.

Hili la sasa ni mabaki ya mninga toka kwa mafundi fanicha, vipande vya futi mbili tatu wanakuachia kwa bei ya kuni. Ila chukua kile chekundu cha katikati. Vyangu viwili vilikuwa na ule weupe wa pembeni, mchwa wameutafuna wote, walipofika kwenye wekundu wakageuza, mstari umenyooka utadhani umepigwa randa.

Kutundika ndo nilipopapenda zaidi. Unachana ubao kwa mshazari nyuzi 45, kipande kimoja unafunga ukutani ile ncha kali ikae juu na mbali na ukuta, kingine nyuma ya kile unachotundika, mfano kibao changu cha kuning'inizia spana, ncha ikiangalia chini, vinang'ang'aniana vyenyewe kwa uzito. Ukichoka mpangilio unanyanyua unahamisha, hakuna kutoboa tena. (Mara ya kwanza niligeuza ncha, kibao kikaniangukia mguuni, tuyaache hayo.)

Kazi ilikuwa ukuta. Tofali zetu za kuchoma ni laini, drili ukiiacha kwenye kugonga tundu linapanuka, fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani) inazunguka tu haikamati. Zima kugonga, toboa katikati ya tofali siyo kwenye maungio ya udongo, weka skrubu za nchi 3. Tangu hapo halijacheza.

Droo ni madumu ya mafuta ya kula ya lita 5, nimeyakata ubavu nikayalaza, mshikio ukaangalia mbele, unavuta tu. Kasoro yake, madumu ya njano huoni ndani, lazima uandike na maka peni, na mikono ya oili inafuta.

Nalipatia shelfu alama 8 kwa 10. Moja nimekata kwa uzito, mninga peke yako huubebi. Ya pili ni kile kibao, nilichora umbo la kila spana kwa rangi nikajua wanaoazima nitawabana, sasa kila nikiingia nakutana na umbo la namba 13 liko tupu, spana malaya (ile ya kupanua na kubana mdomo) nayo haipo, na jirani asubuhi ananipungia mkono freshi kabisa.