Tanuri la toroli la Unga Limited: joto wanalijua, mchanga ndo bado

Wadau wa vyuma Moshi na Arusha, wale mlioniuliza kama mpeleke kazi kwenye ile karakana ya mtaa wa Unga Limited, Arusha, yenye tanuri la toroli (la kupashia vyuma vikubwa, sakafu yake inatoka nje kama toroli), jibu fupi ni pelekeni kazi, ila karatasi ya joto, yaani rekodi ya joto la mzigo wenu humo ndani, muione kabla ya kumalizia hela. Jina silitaji kwa sababu kuna mahali nitawasema, na wanaojua wanajua.

Kazi yangu ilikuwa fremu ya presi, pleti za inchi 2 zimechomelewa kila kona. Aliyewahi kupeleka kitu kama hicho kwenye mashine anajua balaa lake, unasawazisha uso vizuri kabisa, kesho ukiweka rula umeshapinda, maana weldi ikipoa inavuta na ule mvutano unabaki umejifungia humo humo, ukikata chuma upande mmoja mvutano unapata upenyo. Dawa yake ni kupasha fremu nzima mpaka 600 hivi za Selsiasi, hapo chuma kinalegea kiasi cha kuuachia ule mvutano na bado kiko mbali sana na kuyeyuka, kinatulia, halafu kinapoa polepole. Kupitisha tochi ya gesi sehemu sehemu hakusaidii, unaongeza mvutano mwingine tu.

Sasa uzuri wa toroli. Mzigo wa tani na ushee huwezi kuuingiza kwa mikono kwenye tanuri la mlango mdogo, hapa sakafu yenyewe ndo inatoka nje kwa reli, kreni inashusha mzigo juu yake, mnapanga mkiwa mmesimama kwenye baridi, mnasukuma ndani, mlango unashuka toka juu. Vijana walipanga vizuri sijui niseme nini, waliinua fremu juu ya vigingi vya matofali ya moto (yale yanayostahimili joto kali) ili hewa ipite chini yake, na vichomeo vya gesi vimefungwa pande zote mbili kwa kupishana, vinapuliza kwa kasi kwenye ule uwazi wa chini bila moto kulamba chuma. Hiyo kasi msiichukulie poa. Kwenye 600 kuta hazing'ai kivile, joto jingi linaletwa na hewa inayozunguka, kwahiyo hewa ikilala tu upande mmoja unaungua na mwingine unasubiri.

Kuta na paa wameweka pamba ya moto, ile ya kuzuia joto isiyoungua, nyepesi, haili joto jingi, tanuri linapanda haraka na gesi inapungua. Ila juu ya toroli pamba haiwekeki, ingesagika na mzigo, so pale ni matofali na zege la moto, mazito, na yenyewe yanataka kupashwa kwanza ndo yakuachie. Ndo maana kwenye matanuri ya aina hii chini huwa panachelewa, na opareta asiyejali atakupa mzigo kama keki ya sufuria iliyowekewa mkaa juu ikasahauliwa chini.

Na hapa ndo lawama yangu ilipo. Kati ya toroli na ukuta lazima kuwe na nafasi, si linatembea? Nafasi hiyo inazibwa na mchanga, kuna mfereji wa mchanga kila upande na bati linazama ndani yake. Upande wa kushoto mchanga umepungua mpaka bati linaonekana, usiku ukichungulia unaona mwanga unatoka kule nyuma, na rangi ya chasi ya toroli imeshababuka. Grisi ya beringi za magurudumu nayo imeyeyuka ikatiririka, ndo maana toroli likitoka linalia mtaa mzima unasikia. Lakini joto kutoka ni nusu ya tatizo, bomba la moshi likivuta kupita kiasi ule upenyo unaingiza hewa baridi, na inaingilia chini pale pale panapochelewa. Walikuwa wanacheza na kizibo cha bomba kubana mvuto, sawa, ila mchanga mkavu uliochekechwa ni bei gani jamani?

Huko kuchelewa kwa chini kulionekana kwenye karatasi ya joto. Walifunga thamokapo (nyaya za kupimia joto) tatu kwenye fremu yenyewe, juu, ubavuni na chini (ukiona sehemu wanakuonyesha joto la hewa ya tanuri tu, ondoka). Ya juu ilipofika 600 ya chini ilikuwa 545. Nikamuuliza mzee anayeendesha, mzee tuanze kuhesabu? Akanijibu, "Mdogo wangu, saa inaanza na wa mwisho kufika." Akasubiri kweli, ndo akahesabu saa mbili, yaani saa moja kwa kila inchi kama kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) za matangi ya presha zinavyotaka kuanzia nyuzi 595. Fremu yangu sio tangi ila ni kipimo kizuri. Hata kasi ya joto kupanda alifuata, ukipita nyuzi 425 unachukua nyuzi 222 kwa saa unagawa kwa unene wa inchi, kwa hiyo yangu haikuzidi nyuzi 111 kwa saa. Kwa huyu mzee nawapa alama zote, uso nimeshausawazisha na umekaa.

Umeme ukikatika wana jenereta ya feni za vichomeo, nililiona likiwaka. Bei ni kwa kilo na kuna kiwango cha chini, so wenye shafti moja moja kusanyaneni mpeleke pamoja, ila unene ulingane, la sivyo chembamba kinasubiri kinene. Mapokezi ya simu ni mabovu, piga asubuhi.

Kutoa mzigo wanaweza kufungua ikishuka chini ya 425 ipoe nje, ila wao wanaiacha ndani zaidi ya hapo maana zege la toroli likipigwa na baridi ghafla linapasuka. Kwahiyo mnaotoka Moshi na Canter msimwite dereva mpaka mwambiwe toroli liko nje, atawachaji kusubiri.